Kwenda Kutazama Mchezo wa Jukwaani: Namna ya Kuipanga Siku Nzima

Wengi wetu tukipanga siku ya kutembea mjini huanza na asubuhi: tutoke saa ngapi, tupitie wapi kwanza, tule wapi. Kukiwa na mchezo wa jukwaani jioni, mpango wa namna hiyo huponza. Asubuhi hula muda wa mchana, mchana hula muda wa jioni, na saa ya onyesho inapowadia mtu bado yuko kwenye foleni ya teksi, tumbo tupu, miguu inamuuma, wala hajui mlango wa kuingilia uko upande gani wa jengo. Mchezo wa jukwaani haurudishwi nyuma kama filamu ya kwenye simu. Waigizaji wako pale pale mbele yako, wanaigiza kwa ajili ya watu waliomo ukumbini usiku ule tu, na dakika kumi za mwanzo zikikupita zimekwenda. Kwa hiyo ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja: ishike saa ya pazia kufunguliwa, kisha ipange siku kwa kurudi nyuma.

1. Soma ratiba ya ukumbi kabla ya kuamua tarehe

Kumbi za maigizo zina siku zake za kupumzika. Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo kule New York, mchezo mmoja kwa kawaida huonyeshwa mara 8 kwa wiki. Jumatatu kumbi nyingi hufungwa, na maonyesho ya mchana kwa mazoea huwekwa Jumatano na Jumamosi. Makumbusho nayo yana siku zake: Louvre ya Paris hufungwa Jumanne. Ukitaka siku moja ibebe makumbusho na mchezo, linganisha ratiba zote mbili kwanza, maana ni rahisi sana kuchagua siku ambayo kimoja kiko wazi na kingine kimefungwa.

Uliza pia onyesho lina urefu gani, pamoja na mapumziko. Michezo mingi huchukua kati ya saa mbili na tatu, lakini usichukulie hivyo bila kuuliza. Kwenye tamasha la Bayreuth, Ujerumani, opera (michezo inayoimbwa) ndefu za mtunzi Wagner huanza saa 10 jioni, na mapumziko yake hukaribia saa nzima kila moja, hivyo watu hula chakula chao katikati ya onyesho na kutoka usiku umeshaingia. Siku ya namna hiyo haina nafasi ya kitu kingine chochote, na haifai kulazimishwa iwe nayo. Upande wa pili kuna Kabuki-za ya Tokyo, ukumbi wa kabuki, yaani maigizo ya jadi ya Kijapani, ambako mtu anaweza kununua tiketi ya sehemu moja tu ya onyesho. Ni njia nzuri kwa mgeni wa sanaa hiyo anayetaka kuonja bila kukaa nusu siku.

Mchana au usiku? Kama unaongozana na watoto wadogo, au wazee wanaochoka mapema, au nyumbani ni mbali, chukua onyesho la mchana bila kujiuliza mara mbili. Mtagawana siku vizuri: asubuhi fupi, mchezo, kisha chakula bila haraka mkiwa na la kuzungumza. Onyesho la usiku linawafaa watu wazima walio na siku nzima mkononi, na ndilo nitakalolifuata katika mwongozo huu kwa sababu ndilo linalohitaji mpango zaidi.

2. Nunua tiketi, na uchague kiti kwa akili

Nunua kwenye dirisha la ukumbi wenyewe au kwenye tovuti yake rasmi. Wauzaji wa pembeni hupandisha bei, na wengine huuza tiketi ambazo hazitafungua mlango. Kabla ya kulipa, tazama jumla ya mwisho, kwani ada za huduma mara nyingi hujitokeza kwenye ukurasa wa mwisho kabisa.

Ukiwa na uhuru wa kutopanga mapema, kuna tiketi za siku ile ile. Pale Times Square, New York, kibanda cha TKTS kimekuwa kikiuza tiketi za punguzo za siku hiyo tangu 1973. Kumbi nyingine huacha tiketi chache za bei nafuu za asubuhi, kwa watakaowahi. Hizi zinawafaa watu wawili wepesi. Kwa kundi la watu sita wenye hamu ya mchezo mmoja maalumu, ni kujitafutia huzuni.

Sasa kiti, na hapa naomba tusiharakishe, kwa kuwa kiti ndicho kinachoamua utaona mchezo gani. Watu hudhani safu ya kwanza ndiyo bora. Ukumbi wenye jukwaa la juu, safu ya kwanza inakupa magoti ya waigizaji na shingo inayouma. Miguu yao huioni kabisa. Kwa mchezo wa maneno, ambao uzito wake uko usoni na katika sauti, mimi hutafuta safu ya tano hadi ya kumi, katikati: hapo unaona jicho la mwigizaji linapobadilika kabla hajasema neno. Kwa ngoma, baleti au mchezo wa muziki wenye watu wengi jukwaani, panda juu. Ukiwa kwenye roshani ya kwanza unaiona michoro ambayo wachezaji wanaiunda sakafuni kwa miili yao, na aliye chini haioni hata kidogo. Kwa opera yenye maandishi ya tafsiri juu ya jukwaa, mtindo ulioanzia Toronto mwaka 1983, epuka safu za mbele: utashinda unatazama ama maandishi ama waimbaji, wala si vyote viwili.

Angalia kama ramani ya viti ina alama ya mwono uliozuiwa. Wakati mwingine ni nguzo, wakati mwingine ni chuma cha roshani kinachokatiza jukwaa pale pale wanaposimama watu. Bei hupungua kwa sababu, nawe uijue sababu hiyo kabla ya kufurahia punguzo. Mwenye miguu mirefu achukue kiti cha pembeni ya njia. Mtu wa kiti cha magurudumu, au anayetumia kifaa cha kusikia, apige simu ukumbini badala ya kubofya tu tovutini. Nafasi hizo huwa chache, na wahudumu ndio wanaojua mlango upi una mteremko na sehemu gani sauti inafika vizuri.

Zipo pia tiketi za kusimama, nami naziheshimu sana. Kwenye opera ya taifa ya Vienna, watu wa kusimama hufunga skafu kwenye chuma kilicho mbele yao kuonyesha kwamba nafasi ina mwenyewe, kisha huenda zao kunywa maji wakirudi wanaikuta. Kwenye ukumbi wa Globe wa London, uliofunguliwa mwaka 1997 kwa mfano wa ule wa zamani wa Shakespeare, mamia husimama uwanjani mbele ya jukwaa, bila paa juu yao. Mvua ikinyesha, inanyesha. Mwavuli hauruhusiwi kwa kuwa unawaziba walio nyuma. Ukichagua kusimama saa tatu, basi siku yako yote ya mchana lazima iwe ya kukaa.

Mwisho wa hatua hii: iandike saa ya onyesho kwa namna mnayoitamka. Tiketi nyingi huandika 19:30 au 7:30 PM, nayo ni saa 1:30 usiku. Andika hivyo kwenye ujumbe unaowatumia wenzako, pamoja na siku na tarehe, pasiwe na atakayesoma saba akadhani ni saa saba mchana.

3. Panga kwa kurudi nyuma

Tuchukue onyesho la saa 1:30 usiku. Chukua karatasi, andika saa hiyo chini kabisa, kisha panda nayo juu.

Saa 1:15 usiku uwe umekaa kitini. Si mlangoni, si chooni. Umekaa, simu imezimwa, umeshaangalia waliomo kwenye safu yako, na pumzi imetulia.

Saa 12:45 jioni uwe unapita mlangoni. Nusu saa hiyo inaliwa na ukaguzi wa mabegi, foleni ya kuacha makoti, choo, kununua kijitabu cha maelezo, na ngazi. Usizidharau ngazi: kumbi za zamani roshani zake ziko juu kweli kweli, na si zote zina lifti.

Saa 12:15 uwe umesimama kutoka mezani, bili imelipwa. Hapa ndipo ratiba nyingi hubomoka, kwa sababu mtu hupanga saa ya kuanza kula bila kupanga saa ya kulipa. Mwambie mhudumu tangu mnapoketi kwamba mna onyesho na mnataka kuondoka saa fulani. Migahawa ya karibu na kumbi imezoea. Watakuambia chakula kipi kinachelewa jikoni.

Saa 10:45 jioni uwe unaketi kula. Ni mapema kwa wengi, najua, lakini baada ya hapo hutapata mlo wa maana hadi saa 4 usiku.

Kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 10:30, pumzika. Hiki ndicho kipande ambacho watu hukifuta kwanza, nami ningependa wakilinde kuliko vyote. Saa moja na nusu ya kutofanya lolote: kiti cha bustani, chumba cha hoteli kama mmelala mjini, maktaba, mkahawa mtulivu. Mtu aliyetembea tangu asubuhi bila kuketi, akiwekwa gizani kwenye kiti laini saa 1:30 usiku, atasinzia hata mchezo uwe mtamu namna gani. Sijaona mchezo unaoweza kushindana na miguu iliyochoka.

Kwa hiyo shughuli kubwa ya siku inabaki kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri. Moja. Mbili ikiwa zinapakana. Juu ya hapo weka muda wa safari ya kuingia mjini, uongeze nusu saa ya msongamano, na utaiona saa ya kutoka nyumbani imejitokeza yenyewe.

Onyesho likianza saa 2 usiku, sogeza vyote nusu saa. Likiwa la saa 8:30 mchana, mambo yanageuka: asubuhi iwe tupu kabisa, mlo uwe saa 6, na matembezi yote yaje baada ya pazia kufungwa.

4. Jaza mchana kwa kitu chepesi cha akili

Nimesema shughuli moja. Ipi? Yenye utulivu, na iliyo karibu na ukumbi, au kwenye njia ya kwenda huko. Soko la vitu vya zamani, bustani, mtaa wenye majengo ya kutazama, nyumba ya sanaa ndogo. Makumbusho makubwa yana hatari yake: macho na akili huchoka kabla ya miguu. Ukiingia, chagua vyumba vitatu au vinne, uvione vizuri, utoke.

Kama mchezo una historia yake, mchana ni fursa ya kuikaribia. Mchezo unaohusu vita fulani, mji fulani, mtu fulani, mara nyingi una jengo, makaburi au mkusanyiko wa picha unaohusiana nao katika mji ule ule. Kumbi kubwa kadhaa zina ziara za mchana za kuonyesha nyuma ya jukwaa, na La Scala, ukumbi wa opera wa Milan, ina makumbusho yake yenyewe. Mtu aliyeona asubuhi jinsi mandhari inavyoshushwa kwa kamba kutoka juu, usiku huitazama dari ya jukwaa kwa macho mengine kabisa.

Je, usome habari za mchezo kabla? Naona inategemea. Kwa mchezo wa kale wenye lugha nzito, au opera ya lugha usiyoijua, soma muhtasari wote hadi mwisho. Hakuna siri ya kulinda pale, na ukishajua kisa masikio yako yatakuwa huru kusikiliza maneno. Kwa mchezo mpya usisome chochote zaidi ya jina na mwandishi. Mtu aliyeutunga amehesabu kila anachokuficha na wakati wa kukifunua, nawe mpe nafasi hiyo.

5. Chakula

Kula ushibe, usivimbiwe. Chakula kizito chenye mafuta mengi hukuletea usingizi, chenye chumvi nyingi hukuletea kiu, na kiu huleta maji, na maji huleta choo katikati ya sehemu ya kwanza. Kunywa maji ya kutosha mchana, upunguze saa moja kabla ya kuingia. Kahawa kikombe kimoja alasiri inasaidia. Pombe kabla ya mchezo siipendekezi hata kidogo; gizani huwa usingizi.

6. Mavazi na begi

Kumbi nyingi siku hizi hazidai suti. Vaa nguo unazozionea fahari na unazoweza kuketi nazo saa tatu. Viatu viwe vya kutembelea: siku ni ndefu. Beba kitu cha kujifunika mabegani, kwani ukumbi wenye viyoyozi huwa baridi hata nje kukiwa na joto. Kama onyesho ni la wazi, kwenye uwanja wa kale kama Arena ya Verona, Italia, ambako opera zimekuwa zikionyeshwa wakati wa kiangazi tangu 1913, au Epidaurus kule Ugiriki, wenye kukaa kwenye ngazi za mawe wachukue mto wa kukalia. Jiwe hilo huumiza mapema kuliko unavyodhani.

Begi liwe dogo, linaloingia chini ya kiti. Begi kubwa litakupeleka kwenye foleni ya kuliacha, na usiku foleni ndefu zaidi ya kulichukua, wakati basi la mwisho linaondoka. Kilichonunuliwa dukani mchana kisiwe cha kubeba. Ninyi nunueni vidogo. Tia ndani miwani yako, tiketi iliyohifadhiwa kwenye simu hata bila intaneti, na betri ya akiba. Peremende za kikohozi zifunguliwe kabla ya taa kuzimwa. Sauti ya karatasi ya peremende katika ukumbi ulio kimya husikika hadi jukwaani.

7. Ndani ya ukumbi

Ukishaketi, tafuta kwa macho mlango wa dharura ulio karibu nawe, na ukumbuke kwamba huenda si ule ulioingilia. Tarehe 30 Desemba 1903, moto uliwaka katika ukumbi wa Iroquois, Chicago, wakati wa onyesho la mchana lililojaa akina mama na watoto, na watu zaidi ya 600 walikufa. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine imefichwa nyuma ya mapazia. Kumbi za leo zina taa za njia na milango inayofunguka kwa kusukumwa kwa sababu ya misiba ya namna hiyo. Kutazama mlango ni sekunde tano.

Zima simu kabisa. Kuiwekea mtetemo hakutoshi, kwa sababu mwanga wake ukifunguliwa gizani huwavuta macho watu wa safu tatu nyuma yako, na mwigizaji naye anauona. Usipige picha wala kurekodi onyesho likiendelea. Ni kazi ya watu na ina haki zake.

Ukichelewa licha ya yote, usigombane na mhudumu mlangoni. Kumbi nyingi huwaruhusu waliochelewa kuingia kwenye nafasi maalumu tu, pengine baada ya tukio la kwanza, pengine wakati wa mapumziko, na saa hiyo imekubaliwa na waongozaji wa mchezo. Simama kimya, atakuingiza.

Mapumziko huwa dakika 15 hadi 20. Anayetaka choo aende mara taa zinapowaka, hasa wanawake, ambao foleni yao katika kumbi za zamani huwa ndefu isivyo haki. Wengine wabaki kushika vitu. Kumbi nyingi hukubali kuagiza kinywaji kabla ya onyesho ili ukikute tayari. Kengele ya kwanza ikilia, anza kurudi. Na kama mchezo umekuchosha katika sehemu ya kwanza, rudi hata hivyo. Michezo mingi hupanda mbegu zake kabla ya mapumziko na kuvuna baadaye.

8. Kurudi nyumbani

Nauli ya kurudi itengwe asubuhi, isiguswe. Jua saa ya treni au basi la mwisho, na ujue pia usafiri wa pili kama huo utakosekana. Linganisha na saa ya onyesho kuisha, uongeze dakika 20 za makofi na msongamano wa milangoni. Kama hesabu inabana, ni afadhali kulala mjini au kuchukua onyesho la mchana kuliko kutoka kabla ya mwisho. Usiite teksi mlangoni pa ukumbi, mahali ambapo watu mia tano wanaita wakati mmoja. Tembeeni mitaa miwili mbele, penye mwanga na watu, muiite hapo. Kundi kubwa likubaliane mapema mahali pa kukutana nje, kwani watu hutoka kwa milango tofauti na mtandao wa simu huelemewa.

Mkiwa na nafasi ya kukaa mahali nusu saa kabla ya kuondoka, ketini mzungumze. Maswali mazuri ni madogo: ni wakati gani ulisahau kwamba ni maigizo? Nani ulimtazama hata alipokuwa hasemi? Watoto hujibu maswali haya vizuri kuliko wakubwa.

Na kama onyesho limefutwa mwigizaji anapougua au umeme unapokatika, usitupe tiketi. Mwulize mhudumu hapo hapo kama ukumbi unarudisha fedha au unatoa tarehe nyingine, upate jibu kwa maandishi, kisha tumieni jioni iliyobaki kwa ile shughuli ya pili mliyoifuta kwenye ratiba.